Nyumba ya Nyuma

Fuimalie alizikwa mbele ya nyumba yake, upande wa barabara, mahali walipozikwa wakuu wote wa ukoo ule. Mjane wake Vaelupe alikaa kichwani pa jeneza tangu lilipoteremshwa garini mpaka lilipofunikwa, akipunga kipepeo cha ukindu polepole kufukuza nzi. Kila msemaji aliyesimama na fimbo yake, usinga begani, alimwinamia kwanza yeye. Pole, Faletua. Kijiji kimebaki bila paa, Faletua. Alikuwa akiitwa hivyo tangu mumewe alipovishwa cheo, enzi zile nywele zake bado nyeusi, na siku ile ya mazishi alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea kikombe cha chai, bila kukitazama.

Kaburi lilikuwa pana. Fuimalie mwenyewe ndiye aliyelijenga alipokuwa na nguvu, la zege na vigae vyeupe, lenye vyumba viwili. Alikuwa na mazoea ya kumwonyesha mkewe kwa ncha ya bakora. "Mimi nitalala upande wa bahari, maana nakoroma. Wewe upande wa nyumba, usikie wanavyounguza chakula." Vaelupe alikuwa akicheka na kumwambia aache uchuro. Watoto wao wawili walikufa wachanga, wakalazwa nyuma ya kanisa, na baada yao hakuja mwingine. Kwa hiyo lile kaburi lilikuwa kitu pekee ambacho mume na mke wale walikuwa nacho wenyewe. Vingine vyote, nyumba, mashamba ya magimbi, hata cheo chenyewe, vilikuwa vya ukoo.

Vaelupe hakuzaliwa Lotovai, kijiji cha mumewe. Alitoka kisiwa cha pili, ng'ambo ya mlango wa bahari, akaja msichana, mke wa kijana asiye na cheo. Mwanamke wa namna hiyo huitwa nofotane, yaani anayekaa kwa mume, na neno lenyewe halina tusi ndani yake ila kila anayelitamka hulitia. Nofotane huamka kabla ya jogoo, huchota, hupalia moto wa tanuri la mawe, na hula wenzake wakishanawa. Wifi yake, Salafai, dada wa mumewe, hakumwita hata kwa neno hilo. Alimwita kwa kupiga kofi mara moja, naye aje.

Kisha mume akavishwa cheo, na mambo yakageuka kwa siku moja. Jioni ile, wageni walipokwisha ondoka, Vaelupe alimuuliza mumewe jina hilo jipya lilitoka wapi.

"Fale ni nyumba, tua ni nyuma," alisema Fuimalie. "Mkuu anakaa nyumba ya mbele na wageni, anaongea maneno makubwa. Lakini chakula kinatoka nyuma. Mikeka inatoka nyuma, hata maji ya kunawa. Nyuma kukilala, huku mbele tutabaki tunatazamana na njaa zetu."

Salafai alikuwa amekaa kizingitini akisokota nyuzi za minazi. Hakuinua kichwa. "Tua ni mgongo pia," alisema. "Na mgongo ni wa kubebea."

Wake za wasemaji, wale wanaosema kwa niaba ya wakuu, nao huitwa tausi, si yule ndege bali neno la kwao, maana yake mtunzaji, na mmoja wao, Malele, alikuwa shoga mkubwa wa Vaelupe. Kwenye mikutano ya kina mama walikuwa wakitaniana mpaka mke wa mchungaji akohoe. "Sisi tunatunza, nyie mmekaa nyuma mnangoja kutunzwa," Malele alikuwa akisema. "Tunza kwanza mdomo wako," Vaelupe alimjibu. Miaka ilikwenda hivyo. Vaelupe alinenepa kidogo, akajifunza kukaa wima, akajifunza kuagiza kwa nyusi.

Aliyeagizwa zaidi alikuwa Sieni, mke wa Iosefo. Iosefo alikuwa mpwa wa Fuimalie, mtoto wa marehemu mdogo wake, na alikaa hapohapo uani. Sieni alikuja kimya na mwembamba, naye akakuta nyumba ya nyuma ina mwenyewe. Vaelupe hakumpiga wala kumtukana. Alifanya tu yale aliyofanyiwa, tena akaona anayafanya kwa upole zaidi. Mwaka mmoja ilikuja habari kwamba baba yake Sieni yu mahututi kijijini kwao. Ilikuwa karibu na Jumapili ya Watoto, na mikeka ya kanisa haijaisha.

"Faletua, naomba niende nikamwone baba," Sieni alisema, amepiga magoti mlangoni.

"Utakwenda. Malizeni mikeka kwanza. Wazee hawafi upesi hivyo."

"Haya, Faletua."

Sieni alipofika kwao, alikuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Alirudi, akasuka, akapika, hakusema kitu. Vaelupe aliona ule ukimya ni adabu.

Basi Fuimalie alipofariki, ukoo ulikutana, na cheo kikaenda kwa Iosefo. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwenye kuogopa makelele. Siku ya kumvisha waliua nguruwe wengi, wakagawa kava, kinywaji chao cha mizizi cha heshima, na msemaji mkuu wa kijiji, mume wa Malele, akasimama kutoa shukrani za mwisho.

"Na tusiisahau nyumba ya nyuma," alisema. "Asante kwa mkono wako, Faletua."

"Asante nawe, mheshimiwa," alijibu Vaelupe, kama alivyojibu maisha yake yote.

Sauti nyingine ilikuwa imejibu pamoja na yake, ndogo na ya kutetemeka. Sieni alikuwa amekaa kando ya mumewe na shada la maua kichwani. Watu wakatazama mikeka. Mtu mmoja upande wa vijana akacheka puani. Vaelupe alihisi uso wake unawaka, akainama akajifanya anaokota kitu, na hakukuwa na kitu cha kuokota.

Kesho yake asubuhi Salafai aliwaita wanandugu. Yeye mwenyewe alifiwa na mume zamani, kijiji cha mbali, akarudi Lotovai na wanawe kabla hawajahamia ng'ambo, Auckland, na hakuwahi kuona tabu yoyote katika hilo. Kwao ni kwao. Na kwao neno la dada wa marehemu lilikuwa zito kuliko la mtu mwingine yeyote.

"Wifi yangu," alisema, "umetutumikia na hatuna ubaya na wewe. Lakini hukuacha mtoto hapa. Mjane asiye na mtoto anarudi kwa watu wake, ndivyo tulivyokuta. Kule wewe ni binti wa nyumba. Hapa sasa ni nani?"

"Nataka kubaki karibu na kaburi," alisema Vaelupe. "Mume wangu aliniachia nafasi pale, wote mnajua. Nikiondoka nitazikwa huko."

Iosefo alijikuna shingo. Salafai akamgeukia Sieni. "Nyumba ya nyuma ni yako sasa. Sema wewe."

Sieni alinyoosha ukingo wa mkeka kwa kidole. Kuku alipita katikati ya nguzo za nyumba, akatoka upande wa pili.

"Abaki," alisema hatimaye. "Jikoni kuna kazi."

Ndivyo Vaelupe alivyobaki. Alihamisha mkeka wake wa kulalia na mto wake kutoka nyumba kubwa hadi kibanda kilicho karibu na jiko, ambako zamani walilala wasichana wa kazi. Hakuna aliyemfukuza mezani, ila siku ya kwanza alikuta sahani hazitoshi, na siku ya pili akangoja mwenyewe mpaka wengine wale. Watoto, ambao hawakujua wamwite nani, walimwita ajuza. Alikuna nazi, akafua, akapanga mawe ya moto, na moshi ukampa kikohozi kisichotoka. Sieni hakumsumbua. Alimwambia tu cha kufanya, kwa sauti ileile ya chini, na kila mara Vaelupe alisubiri lile neno la mwisho la adabu, na halikuja.

Malele alimjia uani akamkuta anakwangua majivu.

"Shoga, hivi ndivyo utakavyozeekea?"

"Nimeshazeeka. Huku ni kungoja tu."

"Kungoja nini?"

Vaelupe akaelekeza kidevu upande wa vigae vyeupe. Malele aliguna. Akachukua kikwanguo cha pili, akakaa naye mpaka kazi ikaisha.

Kabla mvua hazijaanza, wageni walikuja kwa feri. Vaelupe aliambiwa na wasichana tu kwamba kuna wageni, tena wakubwa, wameleta nguruwe na mkeka mwororo wa kizamani, ule wa heshima. Alipika tangu asubuhi. Chakula kilipokuwa tayari mikono ilipungua, na Salafai akaja mlangoni mwa jiko akiegemea fimbo.

"Sinia moja limebaki. Lete wewe."

"Nimejaa masizi, wifi."

"Wageni wanakula chakula, hawakuli gauni lako. Lete."

Aliingia nyumba ya wageni ameinamisha kichwa, kama inavyotakiwa, akapiga magoti, akaliweka sinia mbele ya mgeni wa heshima. Aliona kwanza miguu. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa na kovu la shoka. Lile kovu alilifunga yeye kwa kitambaa, kando ya mto wa kwao, mwenye mguu akiwa mtoto analia.

Aukuso, mdogo wake, sasa mzee mwenye cheo chake, alimtazama dada yake pale chini. Kwa watu wale dada ni mboni ya jicho la kaka. Kaka ndiye humpelekea dada chakula. Haijapata kuwa vinginevyo. Msemaji wa wenyeji alikuwa dakika chache tu zilizopita amewaambia wageni kwamba mama mjane amepumzika, atakuja baadaye. Sieni, upande wa pili, aliinuka nusu, akakaa tena.

"Tulikuja kumwomba dada yetu," alisema Aukuso. Sauti yake haikupanda. "Nadhani nimeshamwona." Akalisukuma sinia mbele kwa vidole viwili, wala hakugusa chakula.

Alimfuata nyuma, jikoni, mahali ambapo mgeni wa heshima hakanyagi.

"Chukua vitu vyako, dada. Feri bado ipo."

"Siendi, Aukuso."

"Wamekufunga kamba?"

"Hapana. Nafasi yangu iko pale, kando ya mume wangu. Nikiondoka nimeipoteza."

"Kaburi?" Aukuso alimwangalia kama mtu asiyesikia vizuri. "Unafua nguo za watu ili wakupe shimo? Kwetu hakuna udongo?"

"Udongo upo. Yeye hayupo."

Kaka yake akafuta uso kwa kiganja. "Dada yangu amenipigia magoti mbele ya watu. Nikifika nyumbani nitaelezaje? Nitasema nini kwa wale mabinti wanaokungoja, wameshakutandikia?" Alisubiri. Vaelupe alikuwa akivunja kuni vipande vidogovidogo, vidogo kuliko inavyohitajika. "Basi," alisema Aukuso. "Nimekuja kuomba mara moja. Sirudi kuomba mara ya pili."

Mkeka mwororo aliuacha, kwa sababu ulishatangazwa. Salafai aliukunja akauweka sandukuni.

Mvua zilipokwisha, Salafai alianguka msalani na hakuinuka tena. Nani amwuguze? Mikono iliyokuwa huru ilikuwa ya nyumba ya nyuma. Vaelupe alimgeuza, akamwosha, akamlisha uji wa shelisheli kwa kijiko, na kwa wiki kadhaa wale wanawake wawili waliofahamiana tangu ujana walikuwa karibu kuliko walivyowahi kuwa.

"Mikono yako myepesi," Salafai alimwambia siku moja, macho yake juu kwenye dari. "Wanangu wangeniangusha."

"Tulia, wifi, nikukaushe mgongo."

"Zamani nilikuita kwa makofi."

"Ulikuwa na makofi makali."

Salafai akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki na nguvu. Vaelupe alidhani ataongeza neno, akangoja na taulo mkononi. Mgonjwa alikuwa ameshalala. Alikufa kabla ya Jumapili iliyofuata.

Wanawe watatu walishuka kutoka Auckland na suti nyeusi na masanduku ya nyama za kopo yaliyojaza malori. Waliomba kitu kimoja tu: mama yao alazwe pembeni ya kaka yake, kwenye kaburi zuri lile, maana nafasi ipo. Iosefo alikubali kabla hawajamaliza kusema. Yeye aliogopa makelele, na wale walikuwa wamelipia mazishi yote. Wanandugu wakaitikia. Hakuna aliyekwenda nyuma kuuliza.

Vaelupe alikuwa anapanga mawe ya moto kwa ajili ya chakula cha msiba aliposikia nyundo. Alidhani wanasimika nguzo za turubai. Nyundo ile ilikuwa na mlio wa vigae. Alitoka na koleo mkononi, akazunguka nyumba, akawaona mafundi wawili wamepiga magoti juu ya chumba cha upande wa nyumba, wanavunja mfuniko.

Iosefo alipomwona alitafuta mahali pa kutazama. "Mama, tulikuwa tutakuambia. Shughuli zimekuwa nyingi."

"Pale ni pangu."

"Walisema... wazee walisema wewe una kwenu. Kaka yako alikuja, si alikuja? Tukaona mwisho wa yote utazikwa na watu wako."

"Nilimrudisha kaka yangu kwa ajili ya pale."

Wanaume wa Auckland walikuwa wanapiga picha kando ya barabara. Malele alikuja akamshika bega, macho mekundu. "Nilimwambia mume wangu asimame aseme. Akaniambia wewe ni tausi, tunza mdomo wako."

Vaelupe alirudi jikoni. Watu walisema baadaye kwamba alikuwa mtulivu, kwamba alionyesha moyo mkubwa. Ukweli ni kwamba mawe yalikuwa yameshawaka na hakujua mwili ufanye nini kingine. Alifunika magimbi kwa majani, akangoja, akafunua, akapakua. Walipoimba wimbo wa mwisho huko mbele alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya jiko, na kutoka hapo hakuona jeneza, aliona migongo tu ya watu, mingi, myeupe kwa nguo za kanisa. Aliuma kitambaa cha kushikia sufuria mpaka meno yakauma.

Msiba ulipotawanyika alimwendea Sieni, aliyekuwa akihesabu sahani zilizorudi.

"Naondoka."

Sieni aliendelea kupanga sahani. "Lini?"

"Leo."

"Feri ya mwisho imeshakwenda."

"Basi kesho."

Kesho yake asubuhi alikuta kikapu mlangoni pa kibanda: shelisheli iliyochomwa, samaki wawili waliofungwa kwa majani, gauni jipya lililokunjwa. Sieni alisimama mbali kidogo, mikono imekumbatia tumbo.

"Ningeweza kuwapinga," alisema. "Neno langu lilikuwepo pale. Nilinyamaza."

"Najua."

"Hutaniuliza kwa nini?"

"Sababu yako naijua pia," alisema Vaelupe, akainua kikapu. Kilikuwa kizito. Malele alimsindikiza mpaka gatini, akambebea mto. Njiani walizungumza habari za miguu yao inavyovimba.

Aukuso alimpokea kwa sababu haiwezekani kutompokea. Alimpa chumba kizuri, kitanda chenye chandarua, na kila jioni alimpelekea sahani ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kama inavyompasa kaka. Aliiweka chini, akasema "Dada," akaondoka. Zaidi ya hapo hakuzungumza naye. Mabinti wa kijiji, wajane waliorudi na wasichana ambao hawajaolewa, walimtengea mahali pa juu katika nyumba yao ya kusukia mikeka, maana alikuwa binti mkubwa wa ukoo mkubwa, na huko aliitwa kwa jina la heshima wanaloitwa mabinti wa nyumba. Alikaa pale juu, amenyooka, akasikia wanavyocheka mambo ambayo hakuyajua. Mchana mmoja aliinuka bila kuaga, akatembea mpaka jiko la kaka yake.

Mke wa mtoto wa Aukuso alikuwa humo peke yake, msichana mwenye mimba, anamenya ndizi mbichi, utomvu umemganda mikononi mpaka viwikoni. Alipomwona aliruka, akafuta kigoda.

"Bibi, usikae huku. Kuna moshi."

Vaelupe alikaa. Akavuta fungu la ndizi, akachukua kisu.

"Bibi, tafadhali. Wakikukuta unafanya kazi watanigombeza mimi."

"Umekula?"

Msichana hakujua ni mtego au ni swali. Alitazama mlangoni. "Bado. Nitakula wakishamaliza."

"Kula sasa. Nitakaa mlangoni."

"Siwezi, bibi."

"Nimesema kula."

Sauti ilimtoka ileile ya zamani, ya kuagiza. Msichana akachukua ndizi moja iliyoiva, akaanza kuila upesiupesi, ameupa mlango mgongo, mabega yamekunjamana kama ya mtu anayengoja kupigwa. Vaelupe alimtazama, kisha akaona afadhali asimtazame. Kutoka nyumba ya mbele mtu alipiga kofi. Msichana aliiweka ndizi nusu kwenye majani, akajifuta mdomo, akatoka mbio, na Vaelupe akabaki na moshi na kile kisu, akamenya.